Wasifu wa Muuza Ulanzi

Katika karatasi ya wasifu, baba mdogo Danford, mzee wa kanisa, alikuwa ameandika kwamba marehemu alikuwa mkulima. Lidia aliipokea mbele ya jeneza la mama yake, pale nyumbani Mjimwema, akahisi kwamba akiisoma hivyo atakuwa anamzika mtu mwingine.

Mama yake aliuza ulanzi, pombe ya mianzi, Makambako miaka ishirini. Ulimi wake ulikuwa wembe, na kanisa lilimtenga mara mbili. Hata Lidia, alipokuwa shuleni, aliwahi kumkana mbele ya wenzake.

"Soma kama ilivyo, mwanangu," baba mdogo alimnong'oneza.

Lidia aliikunja karatasi.

"Mama yangu Hilda alikuwa muuza ulanzi," alisema kwa sauti. "Aliwatukana walevi, akawatukana na wachungaji. Lakini mbeta zake, vile vikombe vya mianzi vya kukingia ulanzi, ndizo zilizonisomesha mpaka diploma."

Kisha mzee mmoja akadakia kutoka nyuma, "Na hakuwahi kutupunja! Muulizeni Danford!"

Msiba mzima uliangua kicheko. Baba mdogo aliinamia kitabu chake cha nyimbo, mabega yakimtikisika. Lidia aliinua kichwa, akaendelea kumsimulia mama yake.