Jenerali Aja Ukumbini

Kijiko lilikuwa jina lake la jukwaani, lakini hata mkewe alilitumia nyumbani kwa sababu lilimfaa: mwili mwembamba kama mpini, na kichwa kikubwa juu yake. Kazi yake ilikuwa kuchekesha watu. Si kwenye televisheni, la. Kwenye kumbi ndogo ndogo. Jumanne mchana alikuwa kwenye kantini ya mafundi magari, Ijumaa kwenye klabu ya walimu, na Jumapili alasiri kwenye ukumbi ulio nyuma ya mgahawa mmoja, ambako jukwaa lilikuwa kreti nane za soda zilizofunikwa kwa ubao, na kipaza sauti kilikoroma kama mtu mwenye mafua. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa. Utajiri hakuuona, ila yeye na mkewe, aliyekuwa muuguzi, walikula na kusaza kidogo.

Kichekesho chake kilichopendwa kuliko vyote kilimhusu mama mkwe wake. Jukwaani alimwita Jenerali.

"Mama mkwe wangu hasemi," alikuwa akianza. "Anaguna. Mguno wa kwanza: mm. Maana yake umechelewa. Wa pili: mmh. Chumvi imezidi. Na wa tatu..." Hapo alifumba jicho moja, akavuta pumzi, akatoa mguno mrefu kutoka chini kabisa ya tumbo. "Huo maana yake: mwanangu aliwahi kuchumbiwa na daktari."

Watu walivunjika mbavu. Mafundi magari walianza kugunana wenyewe kwa wenyewe kazini.

Jenerali mwenyewe hakuwa na habari. Alihamia kwa Kijiko na mkewe miaka mitatu nyuma, baada ya kufiwa na mumewe, aliyekuwa fundi saa. Alijua mkwewe ni mchekeshaji, na kazi hiyo hakuipenda wala hakuichukia. Aliivumilia, kama mtu anavyovumilia paa linalovuja tone moja moja.

Siri ilifichuka bomba la jikoni lilipopasuka. Fundi bomba alikuwa amelala chali chini ya sinki, miguu nje, mama mkwe akamuuliza kazi itachukua muda gani. Fundi akasema mpaka jioni. Mama mkwe akaguna.

Kisha kichwa kikachomoza.

"Samahani, mama. Hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Huo mguno." Fundi alimtazama vizuri, spana ikamponyoka. "Yarabi! Wewe ndiye Jenerali!"

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa moyo mweupe kabisa akamsimulia yote, na daktari hakumsahau.

Jioni hiyo Kijiko alikuta chakula chake kimefunikwa mezani na mlango wa chumba cha mama mkwe umefungwa. Siku mbili nzima mama hakuguna hata mara moja. Kijiko alitamani japo ule wa chumvi.

"Nilikwambia mapema," mkewe alisema. "Mzaha mzaha hutumbua usaha."

Siku ya tatu alimfuata mama mkwe uani, alikokuwa akianua nguo.

"Mama, nimekosa. Nisamehe. Sitakisema tena kichekesho kile."

Mama mkwe akakunja shuka, akalikunja tena, akalinyoosha pembe.

"Jumapili mnaanza saa ngapi?"

"Saa tisa, Mama."

"Nitakuja."

Jumapili ilipofika alikaa safu ya pili, mkoba mapajani, binti yake pembeni. Kijiko alipopanda jukwaani na kumwona, alibadili mpango. Akakiondoa kabisa kichekesho cha Jenerali. Akasema juu ya foleni ya benki. Akasema juu ya mvua. Watu walimtazama kama ndugu wa mgonjwa wanaomsubiri daktari atoke na majibu.

"Tupe Jenerali!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Akajitia kiziwi. Akaanzisha kisa cha paka wa jirani, na katikati ya kisa akasahau mwisho wake. Akasimama tu, kipaza sauti kikikoroma mkononi.

Ndipo kutoka safu ya pili ukatoka mguno wa tatu, mrefu, kutoka chini kabisa ya tumbo.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Fundi bomba, aliyekuwa karibu na mlango, akaruka juu ya kiti. "Ndiye! Ndiye huyo mwenyewe!"

Mama mkwe akageuka, akawatazama wote taratibu. "Na huyo daktari," akasema, "alikuwa wa ng'ombe."

Walicheka mpaka mpishi wa mgahawa akaja kuchungulia. Kelele zilipopungua, mama mkwe akaligeukia jukwaa tena. "Haya, mwanangu. Fanya kazi yako."

Kijiko akaifanya. Alikitoa kichekesho cha Jenerali chote, na mwenye kusemwa alisikiliza kama msimamizi wa mtihani, akitikisa kichwa kila alipoona ametiwa chuku.

Nyumbani, walipokaa jikoni kusubiri maji ya chai yachemke, Kijiko alingoja hukumu.

"Mimi umenisema sawasawa," mama mkwe alisema. "Kuna jambo moja tu limeniuma."

"Lipi, Mama?"

"Mzee. Mbona yeye humtaji?"

Kijiko akababaika. "Mama, marehemu... niliona ni kumkosea heshima."

"Tangu tumzike, kila anayemtaja hushusha sauti na kuinamisha kichwa. Utadhani niliolewa na msiba. Miaka thelathini na nne yule mtu alinichekesha! Fundi saa mzima, na kuwahi hakukujua. Siku ya arusi yetu alichelewa saa mbili. Baba yangu kasimama mlangoni, kavimba kama chura. Mwenzangu akaja mdogo mdogo, akapandisha mkono wa koti. Kavaa saa tano, za wateja, kila moja na wakati wake. Akachagua moja, akamwonyesha. 'Mzee, kwa hii hapa nimewahi kwa dakika kumi.'"

Akacheka. Kijiko hakuwahi kukisikia kicheko kile: chembamba, cha juu, cha msichana. Mkewe akatoka chumbani, sare ya kazini imefungwa vifungo nusu, akasimama mlangoni.

"Mama, hiyo hukuwahi kuniambia."

"Mlikuwa mnaninyamazia, mwanangu. Na mimi nikanyamaza."

Binti akavuta kiti. Alichelewa zamu siku hiyo, na wote watatu walikubaliana kwamba alirithi kwa baba yake.

Baada ya wiki mbili Kijiko alikipeleka kichekesho kipya kwenye klabu ya walimu. Safari hii mama mkwe alikaa safu ya kwanza. Kijiko akakishika kipaza sauti.

"Baba mkwe wangu alikuwa fundi saa, Mungu amrehemu."

Vichwa vikainama, kama kawaida.

"Inueni vichwa," akasema. "Kwa saa yake, bado hajafa."

Kijiko hakuwatazama walimu. Alimtazama mama mkwe. Alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yakimcheza. Kisha viganja vikashindwa, kile kicheko chembamba kikatoka, na ukumbi mzima ukakifuata.

Maonyesho yalipokwisha, mwalimu mmoja mstaafu alimfuata mama mkwe. Hakumpa pole.

"Yule bwana saa yangu ilikaa kwake miezi saba," alisema.

"Ilirudi?"

"Ilirudi. Na mkanda wa mtu mwingine."

"Wa kahawia?"

"Wa kahawia!"

"Ulikuwa wa kaka yangu huo! Kautafuta mwaka mzima."

Mwalimu akavuta kiti akakaa, na mama mkwe akauweka mkoba chini. Kijiko na mkewe waliwasubiri mlangoni, na hakuna aliyewaambia kwamba saa zimekwenda.