Mukono Juu ya Sanduku ya Osée

Bon. Ile siku ya kumuzika Osée, Papa Constant alivaa shati yake ya mistari, ile ya kwenda misa, akafunga vifungo vibaya. Akafungua. Akafunga tena, vibaya vile vile. Vidole ilikuwa nakataa kazi. Bibi yake, Mama Angèle, alikuwa anamuangalia kutoka mulango ya jikoni, na mufuko ya nguo iko tayari kwenye miguu yake.

— Constant, mutumbwi ya moteur inatoka saa nane kwenda Isangi. Dada yangu iko kule. Twende.

— Tukikimbia, watasema ni miye.

— Na tukibaki hawatasema? Wameanza kusema tangu juzi! Bora waseme tuko mbali, masikio haisikie.

Papa Constant aligeuza sikio kwa barabara. Alikuwa anasikiliza nyimbo. Vijana ya matanga walikuwa wameanza kuimba kule chini ya avenue, na ngoma ilikuwa napiga, na ile ngoma moyo yake ilikuwa naifuata yenyewe, bila ruhusa.

Sasa mutu ya mbali atauliza, muzee kama huyu anaogopa nini kwa maziko ya jirani? Hii ndiyo maneno yenyewe. Kwetu Kisangani, kijana akikufa gafula, ni vijana wenzake ndiyo wanabeba sanduku. Wazazi wanafuata nyuma. Na wale vijana, saa ingine, wanasema sanduku inawavuta. Inawatupa kushoto, inawatupa kuume, inakimbia nao, halafu inasimama mbele ya parsele, kiwanja ya mutu. Ikisimama pale, basi. Ni yule ndiye ndoki, muchawi, ni yule ndiye amemukula marehemu. Vitu inavunjwa, nyumba inawaka moto, na muzee mwenyewe, kama hana bahati, polisi inakuta amelala chini na matofali pembeni yake.

Na Papa Constant alijua kwamba leo itasimama kwake.

Juu ya nini? Juu ya ile kazi yake ya asubuhi. Kila siku saa kumi na mbili, yeye anasimama katikati ya parsele, magoti imekunjika kidogo, mikono inapanda polepole, inashuka polepole, kama mutu anasukuma maji ya muto bila kuiamusha. Watoto ya avenue walimupatia jina, Papa Ralenti, ni kusema Papa Polepole. Alijifunza ile kazi zamani, wakati alikuwa maçon, fundi ya ujenzi, kwa chantier ya barabara. Kule kulikuwa muzee moja Muchina, mupishi, Papa Wen, hakujua Kifaransa, hakujua Swahili, alijua tu wali na ile mukono ya polepole. Constant alimufuata. Baadaye, tension ya damu ikapanda, Sœur Clémence, mutawa ya kliniki, akamufundisha yoga pamoja na wamama ya mugongo mubaya, kulala juu ya mukeka na kuhesabu pumzi. Mwanaume yeye moja tu. Wamama walicheka mpaka kulia. Yeye akaendelea tu.

Mais si tension ndiyo ilimupeleka. Ni woga. Tangu ile vita ya siku sita, wakati bombe ilikuwa nanyesha juu ya mji, mulango ikipiga tu, pwaa, yeye iko chini ya meza. Mutu muzima, baba ya watoto! Donc ile polepole, ile pumzi, alikuwa anaifanya kwa kufundisha moyo yake kukaa chini. Na moyo ilikuwa imeanza kukaa. Miaka kumi na tatu ilikuwa najifunza.

Alors, Osée. Kijana ya moto, mutu ya moto-taxi, kelele mingi, roho muzuri. Wiki mbili mbele ya kufa alipita pale, akasimama na wenzake.

— Papa Ralenti! Ile ni boxe ao ni usingizi?

— Kuja uone.

— Nikikusukuma utafika mpaka barrage ya muto!

— Kuja basi.

Osée akaingia, akaweka mikono miwili kifuani ya muzee, akasukuma na nguvu yote. Constant hakufanya kitu. Aligeuza kiuno kidogo, kama mutu anaachia mwenzake njia. Osée akapita, akaanguka uso katika majivu ya jikoni ya Mama Angèle. Watu walicheka, bana! Osée mwenyewe alisimama mweupe kama unga, anacheka. Wiki mbili baadaye, homa siku tatu, akakufa. Na ile kicheko yote ikageuka kitu ingine. "Hakumugusa hata. Mulimuona? Kijana alianguka bila kuguswa."

Basi ndiyo ile.

Nyimbo ikafika kwenye kona. Mama Angèle akaweka mufuko chini.

— Weye unaenda wapi?

— Kufungua mulango.

— Constant! Leta kisu kwanza unichome nayo!

— Wakiikuta imefungwa wataivunja. Heri niifungue mwenyewe.

Akatoka. Barabara ilikuwa imejaa. Sanduku ilikuwa juu ya mabega ya watu sita, inayumba, ikaenda mpaka kwa ukuta ya ngambo, ikarudi, wale wabebaji macho imetoka, jasho kama mvua. Nyuma yao vijana na matawi, na wengine na mawe mukononi, hawafiche hata. Chef ya avenue, Papa Waziri, mutu ya Maniema, kofia yake imeenda upande, alikuwa anapiga kelele "polepole, polepole" na hakuna mutu anamusikia.

Sanduku ikakimbia mita kumi. Ikasimama. Mbele ya Papa Constant, sawasawa.

Ngoma ikanyamaza.

— Amesema! mutu moja akapiga kelele. Osée amesema!

Jiwe ya kwanza ikapita, ikagonga mabati. Pwaa. Na miguu ya Papa Constant ikataka meza. Meza haiko. Kulikuwa ile sanduku tu. Basi mukono yake ikapanda, hata hakuituma, ikajiweka juu ya mbao, kiganja wazi.

Pale akasikia.

Papa Wen alikuwa na muchezo moja. Watu wawili wanagusanisha mikono, wanafunga macho, kila mutu anatafuta mwenzake anasukuma kutoka wapi. Si nguvu. Ni kusikiliza na ngozi. Constant alicheza ile muchezo miaka mingi, na hii miaka mbili ya mwisho alicheza na mutu moja tu, Jephté, mwalimu ya primaire, baba ya watoto watatu, mwanafunzi yake pekee. Donc kiganja ilisoma ile mbao mbio mbio. Watu watano walikuwa nachoka tu, nayumba. Lakini ya sita, nyuma kuume, alikuwa anasukuma. Kutoka kisigino, kupita goti, kupita kiuno, muzuri, vile Constant mwenyewe alimufundisha. Alijua ile sukuma kama vile mutu anajua kukohoa ya mutoto yake.

Akainua macho. Ni Jephté. Uso imegeuka upande ya ukuta.

Ayi. Alielewa palepale. Mutu gani mwingine kwenye avenue alikuwa anafanya ile kazi ya ndoki kila asubuhi na muzee? Vijana wangemaliza na Constant, kesho wangeuliza, na mwanafunzi yake? Jephté alikuwa anaogopa zamu yake, ndiyo maana alijiweka kati ya wabebaji.

Neno moja tu. "Ni Jephté anasukuma." Neno moja, na ile mawe yote ingegeuka. Ilikuwa kwenye ulimi. Aliikamata na meno.

Akakunja magoti, akageuza kiuno kidogo. Sanduku ikageuka naye, ikaacha mulango, uso yake ikarudi kwa barabara. Ikapiga hatua mbili. Wamama nyuma wakapiga kelele.

— Inamukataa! Si yeye!

— Si yeye wapi? Muko naona anaikamata! Muzee, toa mukono!

— Toa mukono tuone!

Papa Waziri akajisukuma mpaka katikati.

— Munyamaze! Munyamaze, hein! Muzee asindikize maiti mpaka makaburi. Sanduku ikirudi kwake, tutajua. Isiporudi, kila mutu anaenda kwake kukula. Nimesema miye, chef.

Makaburi iko ngambo ya daraja ya Tshopo. Ni kilometre karibu mbili. Basi wakaenda. Papa Constant pembeni, mukono juu ya mbao, na vijana na mawe yao wakimufuata karibu mpaka alisikia harufu ya pombe ya lotoko kwenye pumzi yao. Kwa kila kona sanduku ilitaka kurudi nyuma. Kwa kila kona yeye aliipokea, aliigeuza. Nguo ilimushika mugongoni. Mara moja mutu akamwambia kwa sikio, polepole, kama rafiki: "Papa, ukichoka utuambie."

Walipofika katikati ya daraja, maji ya rapide, ile maporomoko, ikawa inanguruma chini yao, na sanduku ikaenda moja kwa moja kwa garde-fou, ile chuma ya pembeni ya daraja. Wabebaji wakapiga kelele. Constant akaona ile maji, nyeupe, iko karibu. Akasema chini chini, ile sauti ya asubuhi:

— Jephté. Bega yako imepanda. Shusha.

— Si miye, papa, Jephté akajibu. Naapa. Si miye. Inavuta yenyewe.

— Shusha bega tu.

Bega ikashuka. Constant akaisikia ikishuka. Na kiganja ikamwambia pia kwamba kijana hakudanganya. Miguu yake ilikuwa nasukuma, kichwa haijui. Yeye kweli alisikia maiti inamuvuta, sawa na wale wengine watano.

Lakini sanduku haikusimama. Iliendelea kwa garde-fou, tena na nguvu zaidi.

Pale Papa Constant akaogopa woga ingine, ile hajawahi kuona hata siku ya bombe. Nani sasa? Akasikiliza mbao tena. Mbele, kimya. Nyuma, kimya. Kushoto, kimya. Akatafuta, akatafuta, na mwishoni akasikia ile nguvu inatokea wapi. Ilikuwa natoka kwa kisigino yake mwenyewe. Mukono yake ilikuwa ngumu kama ubao. Tangu kwenye mulango alikuwa anapokea kidogo, anasukuma mingi, na hakujua. Miaka kumi na tatu, na moyo ilimuchezea vile!

Ilibaki kitu moja ya kufanya, na ile kitu ndiyo watu ya mawe walikuwa nangojea.

Akahesabu pumzi tatu. Ya kwanza haikufika hata tumboni. Ya pili ikafika kidogo. Ya tatu akatoa mukono.

Akaiweka kando ya paja yake, wazi, watu wote waone.

Sanduku ikayumba. Ikaenda nusu hatua kwa upande yake, na nyuma yake akasikia jiwe inahama kutoka mukono moja kwenda ingine. Hakurudi nyuma. Sanduku ikasimama pale. Jephté, macho imefungwa, akatoa pumzi ndefu kupitia pua. Mutu ya mbele yake akafuata, bila kujua. Na wale sita wakapiga hatua moja mbele, ya pili, ya tatu, sawa, kama watu wanabeba mutu tu.

Nyimbo ikaanza tena kutoka kwa wamama.

Kwa kaburi, baba ya Osée alikuja mbele ya Constant na macho mekundu. Constant akafikiri, sasa ndiyo sasa.

— Ile siku alianguka kwako, baba akasema, alirudi nyumbani na majivu mpaka kwa masikio. Alicheka usiku wote. Alisema atakuja kwako umufundishe. Sikusema ile maneno kwa watu. Niliogopa. Watu wanataka mutu, Constant. Na miye pia nilitaka mutu.

Akaenda. Hakumupa mukono.

Kurudi, matoleka, ile baiskeli ya kubeba watu, ilipita mingi, ikiita wateja na kengele, lakini Constant hakupanda. Alikuwa anaogopa kukaa nyuma ya mutu, hawezi kuona barabara. Alitembea. Kwa kila kona aliangalia juu ya mabati kama kuna moshi upande ya kwake. Karibu na soko alisikia viatu nyuma yake, akasimama, akageuka na mwili muzima.

Ilikuwa Jephté. Bega yake ya kuume ilikuwa na damu, mbao imemukata.

— Papa.

— Ndiyo.

— Ungesema jina yangu pale.

— Nilitaka.

Wakatembea. Soko ilikuwa nauza kama siku zote, majani ya pondu, makaa, samaki.

— Nikuje kesho asubuhi? Jephté akauliza.

— Kesho hapana, kesho hii miguu itanikatalia. Uje kesho kutwa. Na upite mulango ya barabara, saa watu wanaenda kazini, wakuone.

Jephté akaangalia nyuma, kule vijana walikuwa nashuka kutoka daraja kwa vikundi vikundi, na matawi yao bado mukononi. Papa Constant akangojea jibu. Alingojea mpaka kwenye kona ya avenue yao, na pale Mama Angèle alikuwa amesimama katikati ya barabara na mufuko juu ya kichwa, hajui aende upande gani.