Mabamba ya Mzee Geti

Fundi wa kuchomelea waliyemwita Mzee Geti alikuwa na sifa moja: kitu alichokichomelea hakikung'oka. Malori yaligonga mageti yake, na malori ndiyo yaliyokwenda gereji. Kwa hiyo kitindamimba wake, binti fundi magari mwenye maneno mengi na kucha nyeusi kwa oili, alipomwomba amsaidie kuunda gari la mbio za jangwani, mzee alijipiga kifua.

"Hilo gari, mwanangu, litawazika wajukuu zako."

"Baba, sitaki lidumu. Nataka liruke."

Neno hilo la kuruka lilimnyima mzee raha. Alitazama mchoro: mabomba membamba, springi ndefu, viti viwili, milango hakuna, kioo hakuna. Binti aliona gari. Baba aliona mahali pa mwanawe kuvunjikia shingo. Alichomelea kama alivyoelekezwa, ila kila binti alipotoka kwenda kutafuta vipuri, mzee aliokota bamba la chuma akalipachika pasipoonekana: chini ya kiti, nyuma ya dashibodi, kando ya injini. Kisha alipaka rangi juu yake, akaanza kupiga mluzi.

Mkewe, aliyekuwa akishona vitambaa vya viti pale pale karakanani, aliyaona yote.

"Wewe mzee, unaunda gari au sefu?"

"Naunda usalama."

"Haya. Mimi simo."

Siku ya majaribio walilipeleka gari kwenye machimbo ya mchanga nje ya mji. Lilinguruma vizuri sana, likaondoka kwa mbwembwe, na lilipofika tu chini ya kilima cha kwanza likazama mpaka tumboni. Wakalichimbua. Likazama tena. Mama alisukuma mpaka kiatu kikabaki mchangani, akawa anakitafuta huku akilisema gari kama mtoto mtukutu.

Binti alivua helmeti, akaketi chini, akalia.

"Nimekosea hesabu," akasema. "Injini haina nguvu ya kulibeba. Kesho nawapigia simu waandaaji, najitoa kwenye mashindano. Nisamehe, baba. Nimekuchosha bure."

Hapo moyo wa mzee ulifanya sherehe, tena sherehe ya ngoma na vigelegele. Mtoto atabaki nyumbani, mzima, na yeye hahitaji kufanya lolote zaidi ya kufunga mdomo. Mkewe alimtazama, kiatu mkononi. Lakini yule mtoto alikuwa akifuta machozi kwa mkono uliojaa mchanga, huku akimwomba msamaha yeye, na mzee aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Hesabu zako ziko sawa," akasema. "Gari nimelinenepesha mimi."

"Umefanya nini?"

"Chini ya kiti chako kuna bamba. Nyuma ya dashibodi, bamba. Kando ya injini…"

"Yako mangapi, baba?"

"Baba yako ni mtu wa bidii."

Binti aliruka akasimama. "Kwa hiyo ulitaka nishindwe!"

"Nilitaka urudi. Naogopa, mwanangu. Tangu siku ile uliyosema litaruka, naogopa."

Binti akamshika baba yake mkono, akamweleza polepole kwamba gari zito likitua kwa nguvu, kishindo chote humwishia dereva mgongoni.

"Kumbe nilikuwa nakuvunja mgongo mwenyewe?"

"Kwa mapenzi makubwa kabisa," mama akadakia, na wote watatu wakaangua kicheko ambacho hata mzee hakukitegemea.

Mabamba mzee aliyakata mwenyewe. Alikataa kusaidiwa, na kila moja lilipoanguka sakafuni aliguna kama mtu anayeng'olewa jino. Walipolirudisha gari machimboni, binti alimwonyesha kiti cha pili.

"Panda."

"Mimi nina presha."

"Presha imeanza lini?" mkewe akauliza, tayari anamfunga mkanda.

Gari lilikipanda kilima bila kusita. Pale juu magurudumu yaliiacha ardhi, na mzee, aliyekuwa ameapa kufumba macho, akasahau kuyafumba. Hakuangalia mchanga wala anga. Alimwangalia mwanawe, na uso ule ulikuwa na furaha ambayo hakuwahi kumwona nayo hata siku moja pale nyumbani.

Wakatua. Gari likayumba kidogo, likatulia, likasimama.

"Baba, umeogopa?"

"Sana. Na bado naogopa," akasema mzee, akikaza mkanda wake. "Nenda. Nenda tena."