Vidonge vya Mbwa wa Fundi Saa

Mimi ni daktari wa wanyama, na hakuna kinachonipandisha mori kama mtu anayechukua dawa kwangu halafu anarudi kulalamika kwamba mbwa kaitema. Kwa hiyo fundi saa alipoingia mchana kweupe kufuata vidonge vya kifafa kwa mara ya tatu mwezi huu, nilimwakia.

"Unashindwa na mbwa wako mwenyewe?"

"Anakaza meno, daktari. Na akimeza, anatapika."

Huyo mbwa sijamtia machoni tangu mwaka jana. Eti hakubali kupanda gari. Nikatoa vidonge, nikaongeza dawa ya kutuliza tumbo, kisha nikamfunza mbinu zangu zote: akisage kidonge kiwe unga, auvuruge kwenye uji mzito, asubiri mpaka njaa iume kweli, na asimkodolee macho anapokula, maana atashtuka. Aliandika kila neno kwa mwandiko wake mdogo, kama anayetengeneza saa.

"Shangazi yako hajambo?" nikamuuliza, hasira zikiwa zimeshuka. Ndiye aliyemlea, na mpaka leo anaishi kwenye nyumba ya huyo mama.

"Yupo tu. Siku hizi analala mno."

Akatia dawa mfukoni, akashukuru sana. Alipofika mlangoni akasimama, mkono kwenye kitasa.

"Daktari," akasema bila kugeuka, "na akiniuliza mbona uji mchungu, nimjibu nini?"