Imenoki na Oili Imejaa

Gari lilirudi likiburutwa kwa kamba, na hilo peke yake lilitosha kumfurahisha Profesa.

Profesa hakuwa profesa wa chuo chochote. Alikuwa fundi wa magari wa kampuni moja ya kusambaza dawa madukani, na jina hilo alipewa kwa sababu ukimuuliza spana iko wapi, anakuanzia kwenye historia ya chuma. Aliyekuwa ameshika usukani wa gari lile lililokufa ni shemeji yake, mdogo wa mke wake, dereva ambaye kazini walimwita Geji kwa tabia yake ya kutazama geji za dashibodi kuliko alivyowahi kumtazama mwanamume yeyote. Watani wake walisema ndiyo maana hajaolewa. Yeye aliwajibu kwamba geji ikishuka anajua cha kuongeza, sasa mwanamume akishuka anaongeza nini?

Siku za kawaida mashemeji hawa walitaniana mpaka wenzao wakaacha kazi kuwasikiliza. Siku ile utani ulikuja na meno.

"Shemeji, umeniletea maiti," alisema Profesa akijifuta mikono ambayo haikuwa hata na uchafu. "Tuchimbe kaburi hapa hapa au nyuma ya stoo?"

"Nimekuletea kazi. Si kila siku unalia huna kazi?"

"Kazi ninayo. Kufuta machozi ya magari unayoyaliza wewe."

Meneja alitoka ofisini, viatu vikimetameta, akasimama pembeni ya mstari wa njano. Sakafu ya gereji ile ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu miezi miwili nyuma, na Meneja aliipenda kama watu wengine wanavyopenda kitinda mimba. Ukutani alibandika tangazo lenye sahihi yake: fundi ambaye gari lake litadondosha oili sakafuni atapewa barua, na barua ya tatu ni ya kuagana. Profesa alikwisha kupata mbili.

"Nani ameniulia gari?" aliuliza Meneja.

Kwa Geji hilo halikuwa swali la kujibu ovyo. Kampuni ile ilikuwa na kanuni moja isiyo na mjadala: dereva akinokisha injini, yaani akiiua, kwa uzembe, anakabidhi funguo siku hiyo hiyo na kwenda zake. Alikuwa na miaka minane nyuma ya usukani, na nyumbani alikuwa na mama mgonjwa aliyekula, akanywa na kutibiwa kwa funguo zile. Mama huyo alikuwa pia mama mkwe wa Profesa, ila Profesa alikumbuka ukwe wakati wa sikukuu tu.

"Meneja, hii injini naijua nje ndani," Profesa alianza, akasimama wima kama anayehutubia bunge. "Lita mbili kamili. Silinda nne, valvu kumi na sita, nguvu za farasi mia moja arobaini na saba. Haina mkanda, ina cheni. Mkanda hukatika, cheni hudumu. Inakunywa lita nne na robo za oili. Nimeona za namna hii zimepita kilomita laki nne hazijafunguliwa hata nati moja ya kichwa. Hii ina laki moja na tisini. Bado mbichi! Injini hii haifi, Meneja. Inauawa."

Aliposema "inauawa" alimtazama shemeji yake kwa raha, kama mtu anayeonja mchuzi na kukuta chumvi imekolea.

"Hapo umesema kweli," alisema Geji. "Imeuawa. Sasa tumtafute muuaji."

Profesa hakupoteza muda. Alifungua kifuniko cha juu cha injini kwa mikono myepesi, maana ufundi alikuwa nao hata kama ulimi wake ulikuwa mrefu, akamwita Meneja asogee. Chuma kirefu kinachosukuma valvu kilikuwa kimechubuka na kuwa cheusi, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Kavu," alisema Profesa. "Chuma kimelana na chuma. Dereva amekausha oili, amekanyaga mafuta, anaimba zake redioni. Sina zaidi."

"Huna zaidi kwa sababu umeangalia juu tu," alisema Geji. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakichovya tena na kukileta mbele ya pua ya Meneja. Oili ilifika alama ya juu kabisa. "Kama nimeikausha, hii imetoka wapi?"

"Umeongeza baada ya kunoki," Profesa alidakia. "Kopo moja, dakika mbili. Mimi mtoto mdogo?"

"Mwulize mwenye gari la kunivuta. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya duka, mikono mitupu."

"Yule? Shemeji, wewe ukimchekea kidogo tu atakula kiapo kwamba hata gari ulikuwa unasukuma kwa mikono."

Wasaidizi wawili wa stoo walicheka. Geji hakucheka. Alimtazama mume wa dada yake, yule ambaye yeye mwenyewe alimpikia chai asubuhi ya posa, na kitu fulani kilichokuwa kimelegea ndani yake kikakaza.

Meneja hakuijua injini, lakini ukavu aliujua. Alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Funguo."

Geji alizishika ndani ya mfuko wa koti. Hakuzitoa.

"Meneja, naomba swali moja. Chini oili imejaa, juu pamekauka. Oili haina miguu. Inapandishwa na pampu. Kwa nini haikupanda? Fungueni sampo." Alionyesha kwa kiatu lile bakuli la chuma lililo chini ya injini, ambamo oili yote hukaa ikisubiri kuvutwa. "Mkikuta humo hamna kitu ila oili, funguo nitazitoa mwenyewe, na nitamwomba msamaha shemeji yangu mbele ya watu."

"Sampo halina habari yoyote!" Sauti ya Profesa ilipanda kidogo kuliko alivyotaka. "Utamwaga oili bure. Meneja, sakafu yako hiyo."

Meneja aliitazama sakafu. Kwa muda mfupi ilionekana kama rangi ya kijivu ndiyo itakayoamua maisha ya mtu.

"Tandikeni maboksi," alisema mwishowe. "Fungua, Profesa."

"Mimi sifungui upuuzi."

"Basi nitafungua mimi," alisema Geji.

Alivua koti la kazi, akalikunja, akachukua spana namba kumi mezani bila kuomba. Gari lilipandishwa kwa jeki na kuwekwa juu ya vigingi. Akaingia chini kwa mgongo, akiwa na shati lake jeupe. Miaka minane ya kusubiri gari lake likishughulikiwa ilikuwa imemfundisha mengi; madereva wengine walikwenda kunywa soda, yeye aliinama kutazama. Alimwaga oili kwanza, ikashuka nyeusi na nzito kwenye karai, lita nne na ushee. Kisha nati za pembeni, moja baada ya nyingine. Zilipokwisha zote, sampo halikudondoka. Liling'ang'ania.

"Hukulifunga, umelizika," alisema kutoka chini. "Shemeji, umetumia gundi ya silikoni kiasi gani?"

Profesa alianza kujifuta mikono tena.

"Mwezi uliopita ulijisifu hapa hapa kwamba umelifunga hata mafuriko hayapenyi. Wiki iliyofuata taa ya oili ikaanza kunikonyeza nikisimama kwenye taa za barabarani. Nikaandika kwenye daftari la gari. Ukanijibu nini?"

"Nilijibu kitaalamu."

"Uliandika, 'Taa ina wazimu kama dereva wake.' Hebu niletewe patasi."

Aliletewa patasi na nyundo. Aligonga. Profesa alikunja uso kila pigo, akapiga kelele kwamba litapinda. "Likipinda, litapinda likisema ukweli!" Geji alijibu, na sampo likaachia ghafla, likamwangukia kifuani na mabaki ya oili, yakatiririka kupita maboksi hadi kwenye kijivu cha Meneja. Meneja aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Kabla hajafoka, Geji alinyoosha mkono juu, akionyesha.

Kwenye mdomo wa bomba la pampu kuna chujio, wavu mdogo wa chuma unaozuia uchafu usivutwe. Wavu ule haukuonekana. Ulikuwa umezibwa na vipande vya silikoni ya rangi ya machungwa, vinene, vimeshikamana kama ubani uliotafunwa. Silikoni ikipakwa nyembamba hukaa mahali pake. Ikipakwa kama siagi kwenye mkate wa mwenye njaa, inayozidi hujikunja kwa ndani, hukatika, huelea kwenye oili moto na kwenda kule oili inakovutwa. Pampu ilikuwa imenyonya wiki nyingi kupitia tundu lisilotosha sindano.

"Hii ni nini?" aliuliza Meneja akiinama, tai yake ikining'inia.

"Silikoni ya shemeji," alisema Geji kutoka chini. Profesa, mtu aliyeweza kuhutubia juu ya nati, alirudi nyuma hatua mbili.

Lakini mtu aliyebanwa ukutani hurusha chochote kilicho karibu.

"Na taa?" alisema taratibu. "Meneja, mwulize taa. Taa ikiacha kuwaka kabisa, dereva mzuri anafanya nini?"

Geji alitoka chini ya gari, oili ikimchuruzika shingoni. Alijua swali linakokwenda, na Profesa alijua kwamba anajua.

Taa ya oili ikiwa nzima, lazima iwake ukizungusha ufunguo, kisha izime injini ikinguruma. Ya gari lile ilikuwa haiwaki kabisa kwa wiki tatu. Profesa alikuwa amechomoa waya wake ili asisumbuliwe. Na Geji, anayetazama geji kuliko wanaume, alikuwa ameliona hilo asubuhi ya kwanza. Aliona, akawasha, akaenda. Alikuwa amechoka kuitwa mwoga, mwehu, binti wa kulialia kila taa ikipepesa.

Angeweza kukana. Nani angethibitisha?

"Niliona," alisema. "Nilijua umechomoa waya. Nikanyamaza, nikasema safari hii tuone ataandika nani ana wazimu. Hilo ni langu."

"Umesikia, Meneja!" Profesa alipata pumzi. "Kakiri mwenyewe!"

"Nimesikia," alisema Meneja. "Nimesikia pia umechomoa waya wa taa ya gari langu." Aliangalia karai, kisha sampo, kisha doa lililokuwa linapanuka sakafuni. "Magari mengine manne. Umeyafunga masampo lini?"

"Mwezi ule ule."

"Hivi hivi?"

Profesa alitazama tangazo ukutani, lile lenye sahihi. "Uliandika tone moja, barua. Nilikuwa na mbili. Ulitaka nipake kiasi gani?"

Hapo Meneja alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: alisogea mbele na kukanyaga oili kwa kiatu chake kinachometa, akalibandua tangazo ukutani, akalikunja, akalitia mfukoni. Haikuwa toba. Alikuwa amepiga hesabu akaona kwamba kesi ikifika juu, karatasi ile itatangulia kumshitaki yeye.

"Geji, funguo kaa nazo. Barua ya onyo utaipata kwa kunyamaza. Profesa, yako ya tatu naiandika, ila naishikilia mpaka nione magari manne yamefunguliwa. Leo. Ninyi wawili." Akatoa simu, akaanza kuwapigia madereva mmoja mmoja, popote walipo wazime injini.

"Mimi na huyu?" aliuliza Profesa.

"Una mwingine anayejua kulibandua sampo?"

Gari la kwanza lilivutwa likaingia kabla ya adhuhuri. Wakalala chini yake wote wawili, ubavu kwa ubavu, karibu kuliko walivyowahi kukaa hata mezani kwa dada. Geji alifungua nati za upande wake. Profesa alifika kwenye nati yake ya kwanza, akapapasa, akakuta hana kitu.

"Nipe namba kumi," alisema.

"Umesema?"

"Spana. Nipe."

"Ulisema nilimchekea mwenye gari la kuvuta," alisema Geji, bila kugeuza shingo, akiendelea kuzungusha. "Mbele ya watu wa stoo. Omba radhi kwa hilo kwanza, halafu spana."

Profesa alilala akitazama chini ya injini, lita mbili, silinda nne, valvu kumi na sita. Kisha akajiburuta nje kwa visigino, akasimama, akavuka gereji yote hadi stoo, na sauti yake ikasikika ikimwambia mtunza stoo amwandikie spana namba kumi, nyingine, ndiyo, nyingine, na asimuulize maswali.