Beseni la Siki la Apolinaria

Apolinaria alipasha maji yakawa vuguvugu, akayamimina kwenye beseni, akaongeza siki, kikombe kimoja kwa viwili vya maji. Wapagazi walikuwa wameshafika. Waliegemeza pembe zao za ndovu kwenye ukuta wa jiko, wakakaa mkekani kimya kama watu wanaosubiri kunyolewa. Njia ya zamani ya misafara itokayo Ujiji inapita nyuma ya nyumba yake hapo Tabora, na marehemu hao walipita kila jioni tangu alipoolewa. Majirani walilalamikia mchicha wao kukanyagwa, basi.

Siki iliwafaa. Iliondoa harufu, ilituliza fangasi za vidoleni, ililainisha magaga yakasugulika. Ila mmoja wao, Shigela, hakuruhusiwa kutia mguu. Kifundo chake kilikuwa na kidonda cha mnyororo, kibichi hadi leo.

"Shikamoo, babu," Apolinaria alimwamkia, japo kwa sura alikuwa rika la kitindamimba wake.

"Marahaba. Leo je?"

"Siki haiponyi kidonda, babu. Itakuchoma bure."

"Haya. Nitakaa tu."

Wilbroad, mumewe, akarudi kutoka ghala la tumbaku alikopakia marobota. Ghala lilitoa buti namba saba kwa kila mtu, na yeye alivaa tisa. Alikaa mwisho wa mkeka, akavua haraka, akalivuta beseni. Shigela akalikanyaga ukingoni lisisogee.

"Mkeo akuone kwanza," alisema.

Soksi ilikuwa imegandamana na nyama. Chini ya kidole gumba palikuwa na shimo, jeusi pembezoni.

"Tangu lini, baba Levina?"

"Tangu Pasaka. Hakuumi."

"Una sukari, utasikiaje maumivu! Mbona mimi sikunusa?"

Wilbroad akatazama pembeni. "Naloweka kila asubuhi ukienda sokoni. Harufu inakata kabisa."

Apolinaria aliichukia siki, akajichukia na yeye aliyeisifu mtaa mzima. Akamwambia wanakwenda hospitali sasa hivi. Wilbroad akashika nguzo ya jiko kwa mikono miwili. Asipoonekana kazini kesho, alisema, nafasi yake anapewa mwingine. Wekundu ulikuwa umeshapanda hadi kifundoni, na wakati wanabishana ulizidi kupanda.

Wapagazi wakainuka. Wakambandua kwenye nguzo, wakambeba mabegani, na kwa mara ya kwanza wakaziacha pembe ukutani. Mnyapara wao aliwafokea kutoka njiani. Hakuna aliyegeuka. Hospitalini nesi aliwaomba wasubiri nje kwa kuwa walikuwa wengi, kisha akamgombeza Apolinaria kuhusu siki.

Mguu wa kulia ulikatwa juu kidogo ya kifundo. Wilbroad aliomba aambiwe kama ghalani wameuliza habari zake.

Waliuliza. Keshoye Shaban, msimamizi, alikuja nyumbani na mfuko mtupu.

"Pole sana, shemeji. Nimefuata zile buti."

Apolinaria alitamani kumrushia usoni. Akampa. Shaban akazigonga ukutani kudondosha udongo, akachungulia ndani, akaondoka nazo.

Jioni mguu wa Wilbroad ukaja wenyewe kwa njia ya nyuma, ukakaa kando ya Shigela. Apolinaria aliupindua, akaona shimo liko palepale, akalisukuma beseni kwa mwingine.

"Wewe kaa tu," aliuambia, na machozi yakamtoka.

Njiani alikuwa anapita mpakiaji mpya, mwanamume mrefu, anarudi kutoka ghalani na buti zile, akichechemea kidogo. Alisalimia, akasema hajambo, viatu tu havijamzoea.

Mguu ukasogea, ukamwachia nafasi mkekani.