Atakayemwona Mkuu wa Shule

Mkuu wa shule ya uchawi hastaafu kama watu wengine. Siku yake ya mwisho, kengele ya asubuhi ikilia, anajificha popote ndani ya uzio, na mwalimu atakayemwona ndiye anayerithi kiti. Wa kwanza alikutwa ndani ya kidau cha wino, ana mafua. Wa pili alijigeuza kifungo kwenye koti la mwalimu wa hesabu, akashinda humo kutwa nzima akisikia anavyosengenywa. Wa tatu alijificha vizuri mno, hakuonekana kwa miaka tisa, na mpaka leo watu wanakiri kwamba shule haijawahi kwenda vizuri kama miaka ile. Ndipo ikaongezwa kanuni: saa kumi alasiri ikigonga mkuu hajaonekana, kiti ni cha naibu.

Safari hii aliyekuwa anastaafu ni Babu Miwani. Naibu wake aliitwa Radi, kwa sababu hakuna mlango aliowahi kuufungua bila kishindo.

"Kesho nikikalia kile kiti," Radi aliwaambia walimu wenzake huku akikoroga chai, "kazi ya kwanza ni kulifunga darasa la Wazito. Watoto kumi na mmoja, mwaka wa pili huu, hata kijiko hakijapaa! Warudi kwao wakasomee useremala."

"Useremala una ubaya gani?" aliuliza mwalimu wa Wazito, ambaye wanafunzi walimwita Taratibu.

"Hauna. Ndiyo maana nawapeleka."

Walimu wakacheka. Taratibu hakucheka. Uchawi wake mwenyewe uliishia kwenye kupasha maji yakawa vuguvugu, tena siku akiamka vizuri, na hakuwa na tamaa ya ukuu hata chembe. Ila kulikuwa na binti mmoja darasani kwake ambaye kila asubuhi alikikodolea macho kijiko mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema, "Leo kimenisikia, mwalimu." Nani angemwambia huyo afungashe?

Basi kengele ilipolia, naye akaingia kutafuta.

Uwanja ulijaa moshi wa kila rangi. Mwalimu wa nyota alizungusha bakuli la shaba linaloelekea penye uchawi, likamwelekea yeye mwenyewe kutwa nzima. Radi aliyaezua madarasa matatu. Mwalimu wa mitishamba alimbana mbuzi wa shule kwenye kona: "Mkuu, najua ni wewe, acha utoto." Mbuzi akamla kola.

Taratibu, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine, alifungua milango kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Saa tisa na nusu alifika stoo ya madawati mabovu, nyuma ya choo cha walimu. Babu Miwani alikuwa amekaa juu ya dawati, kavua viatu, anamenya chungwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Rudishia mlango, upepo unaingia." Kisha kisu kikamsimama mkononi. "Ina maana umeniona?"

"Mpaka soksi. Moja imetoboka."

Mzee akashusha pumzi ndefu. "Uchawi uliniisha, Mwalimu. Miaka kumi na mmoja sasa. Niliamuru chaki ishuke kutoka juu ya kabati, chaki ikanikalia kimya. Nikapanda kiti. Tangu siku ile mimi ni mtu wa kupanda viti."

"Na ule moto wa mahafali?"

"Kiberiti."

"Na ngurumo?"

"Mpishi na sinia lake. Hajawahi kufungua mdomo, Mungu ambariki." Akamtazama. "Niache hapa saa kumi ipite, binti yangu. Niondoke na heshima yangu."

Taratibu akakaa sakafuni. "Sikuburuzi, Mzee, wala simwiti mtu. Lakini kesho watoto kumi na mmoja wataambiwa hawafai, kwa kukosa kitu ambacho hata wewe huna, na shule haijaanguka. Nipo hapa. Ukiwa tayari, twende."

Mzee akala chungwa lake, pande moja moja. Pande la mwisho akalirudisha kwenye maganda, akavaa viatu.

Walitokea uwanjani saa kumi kasoro dakika tatu.

"Umemwona kwa uchawi gani?" Radi alifoka.

"Kwa macho."

"Haiwezekani!"

"Inawezekana," alisema Babu Miwani mbele ya shule nzima. "Sikuwa na uchawi wa kujifichia. Sina hata punje, tangu miaka kumi na mmoja iliyopita."

Radi akaruka kwa furaha. "Basi hakuwa mkuu! Yote aliyoyafanya miaka hiyo ni batili!"

"Yote, Naibu?" aliuliza mpishi kutoka mlango wa jikoni.

"Yote!"

"Na ile barua ya kukupa unaibu, mwaka wa sita huu? Si ni yeye aliyeitia saini?"

Radi akarudi nyuma ya walimu wenzake. Kengele ya saa kumi ikalia. Babu Miwani akauweka mtungo wa funguo kwenye kiganja cha Taratibu, na mwalimu wa mitishamba, bila kola, akawa wa kwanza kupiga makofi.

Kesho yake asubuhi mkuu mpya alipitia darasa la Wazito kabla hata hajaingia ofisini. Alimkuta Babu Miwani amesimama mlangoni, kashika daftari jipya, anaona haya kuingia.

"Nimestaafu ukuu tu," alisema. "Kusoma sijastaafu. Kuna nafasi?"

Kabla Taratibu hajajibu, yule binti alishajisogeza kwenye dawati lake.

"Njoo ukae hapa, babu. Huku hatuchekani."